Upana wa Njia ya Baiskeli

Wanangu wa kitengo cha njia,

Zawadi zenu za kuniaga kazini nimezipokea: doti ya kanga, chupa ya chai na saa ya ukutani. Saa nimeitundika sebuleni, ingawa sijui mnataka niwahi wapi tena. Mliniomba pia niwaandikie ninayoyajua kuhusu njia yetu ya baiskeli, hii inayotoka Kasulu hadi Kibondo kwa kupita mabondeni na porini, mbali na barabara kuu, ili mwenye baiskeli asimeze vumbi la malori. Nitaandika. Vyeo sitavitaja kwa kuwa havikuwa vingi, na mshahara mnaujua wenyewe. Ila kuna jambo moja nililolificha miaka yote. Linamhusu mama mmoja anayeitwa Yustina, na siwezi kuwakabidhi njia nikabaki nalo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mtalikuta humu ndani, mahali pake.

Nilianza kazi nikiwa binti wa miaka ishirini na mmoja, kibarua wa kufyeka kando ya barabara. Enzi hizo Kakonko ilikuwa bado chini ya Kibondo, na sisi tulifyeka mpaka Nyabibuye, karibu kabisa na Burundi. Mnyapara wetu alikuwa Mzee Ruhuza, mtu mfupi, mkimya, mwenye kofia ya sufu kichwani hata jua la saa saba. Siku ya kwanza alinipa fyekeo, nikafyeka nalo mpaka saa nne, viganja vikatoka malengelenge, nyasi zinainama tu na kuinuka tena. Akaja, akalichukua, akatoa jiwe mfukoni, akalinoa taratibu huku akipiga mluzi.

"Binti, makali yalikuwemo tangu asubuhi," aliniambia. "Yalilala tu. Uwe unayaamsha kila saa."

Nikafyeka nalo tena. Loo! Nyasi zikaanguka zenyewe. Ndiyo maana nawagombeza mnapokwenda kazini bila jiwe, na ndiyo maana mnaniita Mama Fyekeo nikiwa sipo. Nasikia, msidhani sisikii.

Huyo mzee alikuwa na utaratibu wake. Kabla hatujagusa njia yoyote ya kijiji, alitukalisha kando yake asubuhi nzima. Tutazame nani anapita, kabeba nini, anateleza wapi, anapumzikia wapi. Wakubwa wakipita na gari walituona tumekaa wakadhani tunakula hela ya bure. Yeye alikuwa anasema njia ina wenyewe, na maji ni mmoja wao. "Maji ndiyo mwenye nyumba," alipenda kusema, "sisi ni wapangaji." Mpaka leo nikiona mtaro umechimbwa na mtu asiyengoja mvua aone maji yanataka kwenda wapi, roho inaniuma kama kaiba mboga yangu.

Baiskeli nilijifunza ukubwani, kwa amri. Nilipewa ile nzito ya chuma ya ofisi ili nikague njia za mbali. Nilianguka kwenye mihogo ya watu mara tatu siku moja, na sketi ikaingia kwenye cheni. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia alishika kiuno akacheka, kisha akanisaidia kuchomoa sketi.

"Mwanangu, hiyo haipandwi," alisema. "Hiyo inasukumwa."

Alikuwa na haki yake. Kwetu baiskeli ni mnyama wa mizigo. Mtu hupakia mikungu minne ya ndizi, miwili kila upande, akafunga fimbo kwenye usukani ili aongoze akiwa anatembea pembeni, akapanda nayo mlima akihema. Ya kupanda na kufurahia upepo ilikuwa habari ya watu wengine.

Ndipo miaka baadaye ofisi ikaleta habari ya hao watu wengine. Kuna wageni, tuliambiwa, wanaopenda kutembea kwa baiskeli siku tatu nne katika nchi tulivu, pasipo magari. Nilicheka mbele ya mkubwa wangu. Mtu apande ndege aje kuendesha baiskeli kwenye milima ambayo sisi tunaishuka tukimwomba Mungu breki zishike! Lakini niliagizwa kutafuta njia, nikaitafuta, na nilipoimaliza nilikuwa nimeipenda kuliko wageni wote.

Hatukuchonga njia mpya. Tuliunganisha zilizokuwepo: ya warina asali, ya akina mama wa chemchemi, ya kwenda soko la Makere, ya kanisani. Kazi ilichukua viangazi viwili. Mnaijua ilivyo, lakini niacheni niiseme. Asubuhi ukungu unalala bondeni na migomba inatoa vichwa tu juu yake. Ukifika kileleni unaona vilima vya Burundi, kimoja nyuma ya kingine, na husikii kitu isipokuwa nyuki na mtu anayepasua kuni mbali. Unashuka ukiwa umeachia kanyagio, upepo unaingia mikononi mwa gauni, na watoto wanatoka mbio kwenye mahindi wanapiga kelele "Mwakeye! Mwakeye!" hata kama ni jioni na salamu ya asubuhi imeshapitwa na wakati. Nilikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, na nilikuwa napiga vigelegele peke yangu kwenye mteremko ule. Sasa mmejua.

Tatizo likawa pikipiki. Bodaboda waligundua kwamba njia yetu inakata kona nyingi za barabara kuu, wakaanza kuipita na magunia ya mkaa. Mvua ya kwanza tu, tairi zao zikachimba mifereji, na mmoja akamgonga mgeni akamvunja mkono. Wakubwa wakanifokea: njia isiyo na magari maana yake nini? Nikaamua kuweka vigingi pale penye daraja dogo la mbao, katikati ya njia nzima, mahali ambapo huwezi kuzunguka kwa sababu ya kinamasi.

Nisikilizeni hapa, maana kosa lenyewe ndilo hili. Nilichukua kamba, nikapima usukani wa baiskeli ya mgeni, nikaongeza vidole vinne, likawa ndilo pengo kati ya kigingi na kigingi, basi. Nikachimba kwenda chini urefu wa mkono, nikasimamisha mikaratusi minne iliyopakwa oili chafu isiliwe na mchwa, nikashindilia mawe. Vilifika kiunoni. Nilivipanda vizuri, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Sikukaa kando ya njia kutazama hata nusu saa. Mzee Ruhuza alikuwa amekwisha kufariki, na mimi nilikuwa nimeshajiona fundi.

Siku ya soko akafika baba mmoja na ndizi zake. Baiskeli haikupita. Mimi nilikuwa pale pale napaka rangi. Alinisalimia. Akauliza habari za nyumbani, za watoto, za mbuzi, za mvua upande wetu. Kisha akafungua kamba, akashusha mikungu minne, akapitisha baiskeli, akapitisha mkungu mmoja mmoja, akafunga upya, akaniaga vizuri. Sisi Waha hatutukani. Tunakusalimia mpaka uone haya mwenyewe. Mimi sikuona haya. Nilisema moyoni, watazoea.

Mtu mwingine akaniambia wazi. Alikuwa Fundi Zakaria, Mkongomani wa kambi ya Nyarugusu, aliyekuwa na benchi lake karibu na soko la Makere. Alinyoosha rimu kwa kusikiliza: anazungusha gurudumu, anagonga spoku na spana, anatega sikio. Wageni walimpenda sana. Siku moja nilimpelekea baiskeli, akaniuliza bila kuinua macho.

"Mama, zile poto ulipanda kwenye daraja, ni za kufungia nani?"

"Pikipiki."

"Bon. Na mutu mwenye muzigo atapita wapi?"

"Atashusha."

"Na kama muzigo ni mutu?"

Nikamwambia anyooshe rimu aachane na kazi zisizo zake. Sikio la kufa halisikii dawa.

Sasa Yustina. Wakati huo alikuwa binti tu, ndoa yake haijamaliza mwaka, nyumba yao iko kando ya njia, mwendo mfupi kabla ya daraja. Mumewe anaitwa Gwimo. Ilikuwa alasiri, kipindi cha mvua, na mimi nilikuwa nawaongoza wageni wanne kutoka upande wa Kibondo. Tulipokaribia daraja nikaona pikipiki imelala ubavu, injini bado inatoa moshi, na kijana wa bodaboda amekumbatia kigingi anajaribu kuking'oa kwa mikono. Kwenye matope, ameegemea kigingi cha pili, alikuwa Yustina, na uchungu umemshika.

Lori lilikuwa limekwama likaziba barabara kuu, kwa hiyo walikata kuja njia yetu kuwahi kituo cha afya. Pikipiki haikupita. Walijaribu kuinyanyua, ikawateleza. Gwimo alikuwa amekimbia kurudi kitongojini kuleta ingobyi, kile kitanda cha matete chenye miti miwili ya kubebea mgonjwa begani. Nikapiga magoti, nikamshika Yustina mgongoni. Kila uchungu ulipokuja alikikumbatia kigingi changu, na rangi nyeupe niliyopaka ikabaki kwenye shavu lake.

"Mama," aliniuliza uchungu ulipoachia, "nani kaweka hivi vitu?"

Wanangu, nilimjibu hivi: "Ofisi, mwanangu. Ni ofisi."

Gwimo na wenzake walikawia. Kilima ni kile mnachokijua, na mvua ilikuwa inanyesha. Walipofika, tukamlaza, tukanyanyua, na hapo hapo daraja likatukataa tena, kwa sababu wabebaji hutembea wawili wawili na pengo langu lilikuwa la usukani mmoja. Ikabidi tumpitishe juu ya vigingi, mkono kwa mkono, anaomba tusimwangushe. Kwetu anayekutana na ingobyi njiani haulizi ni ya nani, anaweka bega. Wageni wale hawakujua desturi hiyo, lakini waliona. Walilaza baiskeli zao za bei mbaya kwenye nyasi, wakaja. Mmoja alikuwa mama mwenye mvi, mrefu kama mlingoti, na ingobyi ikapinda upande wake. Gwimo akampeleka nyuma. Likumbukeni hilo: mkipanda mlima, warefu nyuma, mkishuka, warefu mbele. Yule mama alibeba mpaka mwisho huku analia, na hakuna aliyemwomba apumzike aliyekubaliwa.

Nami nilibeba. Nilikataa kupokewa hata bega lilipochubuka.

Mtoto alizaliwa jioni ile, wa kiume, na hakulia. Muuguzi, kijana wa kutoka mikoa ya mbali, alihangaika naye muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Halafu akamfunga kitenge, akanipa mimi, kwa kuwa Gwimo alikuwa nje amekalia jiwe na Yustina alikuwa hajitambui kwa damu iliyomtoka. Sikumuuliza muuguzi kama mapema kidogo ingesaidia. Niliogopa atanijibu. Nilikaa na yule mtoto kwenye benchi, nikamfunua uso, nikamtazama mpaka mama mkwe alipofika akamchukua. Kwa kawaida ya kwetu kichanga asiyepewa jina haliliwi. Hakuna matanga, hakuna watu kukaa. Mama mkwe alisema mzazi asioneshwe, asije akamzoea. Wakamzika kabla Yustina hajaamka vizuri.

Kesho yake asubuhi nilikwenda darajani na sururu. Nilichimba peke yangu, nikatoa mawe, nikang'oa vigingi vyote vinne. Ofisi ikataka maelezo kwa maandishi. Nikaandika kwamba vigingi vimeharibiwa na mchwa. Taarifa hiyo iko kwenye faili, ina sahihi yangu. Mchwa hawakuvigusa. Ile oili ilikuwa nzuri.

Baada ya hapo nilifanya kile ambacho nilipaswa kukifanya mwanzo. Nilikaa pale darajani siku ya soko, tangu alfajiri mpaka jua linazama, na daftari sikulifungua. Kisha nikawaendea bodaboda kijiweni kwao Makere. Nilitegemea matusi, wakanipa kigoda. Tukakubaliana: njia ya baiskeli pikipiki haipiti, isipokuwa yenye mgonjwa, nayo itafunga tawi la majani mabichi mbele ya taa. Ukiona tawi, baiskeli zote zinaingia majanini, wageni kwa wenyeji. Tangu siku hiyo ni wawili tu waliofunga tawi wakiwa na mkaa, na wenzao wenyewe waliwanyang'anya funguo. Kumbe kigingi tulichokihitaji kilikuwa mazungumzo. Na upana wa njia mnaujua: tunapima kwa mikungu minne iliyofungwa, halafu tunapima kwa watu wawili wanaotembea sambamba na ingobyi begani. Mgeni na usukani wake atatosha humo humo.

Mlikuwa mnaniuliza kwa nini navaa miwani ya jua pale kwenye nyumba ya Yustina, hata mawingu yakiwa mazito. Ndiyo hiyo sababu. Miaka yote hiyo nilipita pale kila wiki. Nilimwona akifagia, akianika mihogo, baadaye nikamwona na mtoto mgongoni, na mwingine. Nilipiga kengele, nikapunga mkono, nikapita. Sikushuka hata mara moja. Mteremko ulinisaidia.

Wiki iliyofuata baada ya sherehe yenu, nilipanda baiskeli nikaenda. Sikuwa na kazi ya kujifichia tena. Nilishuka mlangoni kwake. Yustina alikuwa ameketi juu ya jamvi anapukuchua maharage. Alinikaribisha, akanisogezea kigoda, tukasalimiana mpaka salamu zikaisha. Zilipoisha nikakosa pa kukimbilia.

"Yustina," nikasema, "vile vigingi haikuwa ofisi. Nilivipanda mimi. Nikakudanganya ukiwa kwenye uchungu."

Aliendelea kupukuchua ganda moja, akalimaliza.

"Najua, mama. Nilijua siku ile ile. Ulisema ofisi, na mikono yako inatetemeka kuliko yangu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi? Wewe ni kengele, mkono, umepita." Akaweka ungo chini. "Nilikukasirikia, siwezi kukudanganya. Nilikukasirikia sana, mwaka wa kwanza na wa pili. Halafu hasira ikaisha, nikabaki nakuhitaji."

Sikuelewa. Nikamuuliza ananihitajia nini mimi.

"Walimzika sijaamka," alisema. "Nikiuliza, Gwimo anatoka nje. Mama mkwe alikuwa ananiambia nisahau, hana jina. Yule muuguzi alihamishwa. Nikaambiwa kwamba wewe ulikaa naye kwenye benchi, ukamfunua." Akanitazama usoni, na sauti yake ikawa ndogo kabisa. "Mama, alikuwaje mwanangu?"

Yoo, wanangu. Miaka yote hiyo nilikuwa nakimbia na kitu cha watu.

Nikashuka kwenye kigoda nikakaa naye jamvini. Nikamwambia alikuwa na nywele nyingi, nyeusi, zimelalia upande wa kushoto. Nikamwambia vidole vyake vilikuwa virefu, na alikuwa amekunja mkono mmoja karibu na sikio, mtu angedhani anasikiliza kitu. Nikamwambia pua ilikuwa ya Gwimo, bila ubishi, lakini kidevu kilikuwa chake yeye Yustina, chenye kishimo katikati.

Akapeleka kidole kidevuni, akakigusa. Kisha akaanza kulia kwa sauti, kama watu wanavyolia msibani, nami nikamshika tukalia wote, mchana kweupe, mpaka majirani wakaja mlangoni kuuliza nani kafariki.

"Mwanangu," Yustina akawajibu. "Ingieni mkae."

Wakaingia, wakakaa.